Je, Wajua? Msewe wa Pemba Ni Vazi Linalosikika

Pemba kuna ngoma ambayo hata ukisimama nyuma ya umati, huoni ila visogo vya watu, bado utajua wachezaji wanafanya nini kwa miguu yao. Ni ngoma ya wanaume, na jina lake imelipata kwa kile wanachojifunga juu ya vifundo vya miguu: msewe. Msewe ni vifuko vidogo vya majani makavu ya jamii ya mnazi, vimesukwa na kutiwa mbegu kavu ndani, vikaungwa safu kwa safu mpaka vikauzunguka mguu. Mchezaji akikanyaga, mguu unasema.

Watu wengi wakiutazama msewe huona pambo. Wengine huuweka katika fungu la ala za muziki, wakaishia hapo. Mimi naona ni vazi, tena miongoni mwa mavazi ya ngoma yaliyobuniwa kwa akili nyingi kabisa katika pwani yetu, kwa sababu limetatua tatizo ambalo wachezaji wa dunia nzima wamelihangaikia: mtazamaji atazijuaje hatua za miguu, hasa zikiwa za haraka?

Tuanze na namna unavyolia. Ni rahisi kudhani mbegu hulia kwa kuwa mguu unakwenda, lakini kinacholeta mlio ni mguu kusimama ghafla. Mguu unaposhuka, kifuko na mbegu zake hushuka pamoja, kwa kasi moja. Unyayo ukigonga ardhi, kifuko husimama pale pale, maana kimefungwa mguuni. Mbegu hazikufungwa. Zinaendelea na safari yake mpaka zigonge ukuta wa kifuko. Ndiyo kanuni ya kwanza ya mwendo aliyoiandika Isaac Newton mwaka 1687: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe. Kwa hiyo mlio hutoka wakati ule ule wa kishindo, na mpigaji ngoma akisikiliza anajua papo hapo kama mchezaji yuko ndani ya mdundo au ametoka. Mchezaji hawezi kuuficha mguu uliochelewa. Na wakiwa wengi mstarini, kila mmoja na msewe wake, mguu mmoja ukipishana na wenzake mlio mzima hutawanyika. Wakikanyaga sawasawa, mamia ya mbegu hugonga kwa pamoja, sauti ikatoka moja.

Kwa nini majani, na si chuma au gome zito? Uzito unaofungwa chini ya mguu humchosha mtu kuliko uzito ule ule ukiwekwa kiunoni, kwa sababu kila hatua mguu huurusha na kuusimamisha upya. Jani kavu ni jepesi. Zaidi ya hayo, ukuta wake ni mwembamba na mkavu, hutetemeka upesi na kutulia upesi, ndiyo maana mlio wa msewe ni mkali na mfupi, hauvutiki kama wa kengele. Mchezaji anaweza kukanyaga mara nyingi mfululizo na kila kishindo kikasikika peke yake. Jani likiwa bichi au limeloa, mlio hufa, kwani unyevu hulilainisha na mtetemo hupotelea humo humo.

Liko na jambo la sikio. Nguvu ya ngoma kubwa iko katika sauti nzito, za chini. Mbegu zikigonga jani hutoa sauti nyembamba, za juu. Sikio la binadamu huwa jepesi zaidi kwa sauti zenye mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 hivi kwa sekunde, na huko juu ngoma nzito haina nguvu ya kumfunika mtu. Ndiyo sababu mlio wa kitu kidogo kama msewe hupenya katikati ya ngoma zinazotetemesha kifua. Ngoma hushika chini, msewe hupita juu, na msikilizaji hupata vyote viwili.

Sasa twende Paris, tuone wenzetu walivyolikabili tatizo lile lile la hatua zisizoonekana. Huko baleti ilipokuwa ikikua katika karne ya 18, wachezaji wanawake walivaa magauni mazito yaliyofika chini, na kazi yote ya miguu ilizama humo. Marie Camargo, aliyeanza kucheza katika Opera ya Paris mwaka 1726, alilipunguza gauni lake ili watu waone hatua zake za haraka. Wakati ule lilikuwa jambo la kushtua. Mwaka 1832 Marie Taglioni akatokea katika La Sylphide na sketi nyeupe ya kitambaa chepesi cha nyavunyavu, iliyofika katikati ya muundi, na mtindo huo ukaenea. Kitambaa cha namna hiyo kilikuwa kimeanza kufumwa kwa mashine kufuatia uvumbuzi wa Mwingereza John Heathcoat, aliyeupatia hataza mwaka 1809. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, wachezaji wa Kiitalia waliokwenda St. Petersburg walitaka sketi fupi zaidi, na mmoja wao, Pierina Legnani, alipozunguka mara 32 juu ya mguu mmoja mwaka 1893, watazamaji waliweza kuuona mguu wenyewe ukifanya kazi. Sketi ile ngumu, fupi, inayosimama kama sahani kiunoni, ndiyo wengi wanayoijua leo kwa jina la tutu.

Wepesi ule ulikuwa na gharama. Mwaka 1862, Emma Livry, binti mdogo aliyekuwa akitegemewa kuwa mrithi wa Taglioni, alikuwa mazoezini katika Opera ya Paris sketi yake iliposhika moto wa taa ya gesi. Aliteseka kwa miezi, akafa mwaka 1863. Ilikuwapo dawa ya kukifanya kitambaa kisishike moto upesi, lakini ilikikakamaza na kukififisha rangi, naye aliikataa. Nikiikumbuka habari hii huona jinsi mchezaji anavyolihesabu vazi lake kuwa sehemu ya mwili unaocheza.

Hata rangi ya kiatu ni sehemu ya hesabu hiyo. Viatu vya baleti vya kusimamia ncha za vidole vilizoeleka kuwa vya waridi iliyopauka, ili mguu wa mchezaji mweupe uonekane mstari mmoja mrefu usiokatika. Mchezaji mweusi akivivaa, mstari unakatika kifundoni. Kundi la Dance Theatre of Harlem, lililoanzishwa na Arthur Mitchell huko New York mwaka 1969, lilianza miaka ya 1970 kutia rangi soksi na viatu vifanane na ngozi ya kila mchezaji. Kwa miaka mingi wachezaji weusi walikuwa wakivipaka viatu vyao vipodozi kwa mikono yao, hadi mwaka 2018 kiwanda cha Freed of London, kikishirikiana na kundi la Ballet Black, kilipotoa viatu vya rangi ya kahawia na shaba.

Kwa hiyo Paris ilikata kitambaa ili mguu uonekane. Pemba iliufunga mguu mbegu ili usikike, na dawa hii ya Pemba ina faida ambayo ile ya Paris haina: aliye mbali, aliye gizani, hata asiyeona, wote hupata hatua ile ile.

Pemba haiko peke yake. Banyoro na Batooro wa magharibi mwa Uganda wana runyege, ngoma ya uchumba ambayo nayo imepata jina lake kwa ebinyege, njuga za mbegu wanazofunga wanaume miguuni. Uhindini, mchezaji wa kathak hufunga njuga za shaba, hata zaidi ya 100 kwa mguu mmoja. Katika Ghuba, kwenye ngoma ya tanbura iliyohifadhiwa na jamii zenye asili ya Afrika, mchezaji hujifunga kiunoni manjuri, mkanda wa kitambaa ulioshonewa kwato nyingi za mbuzi, na kila akitikisa nyonga kwato hugongana. Baganda wanawake wakicheza baakisimba hufunga ngozi yenye manyoya nyuma ya kiuno, na mtikisiko mdogo wa mwili huonekana mkubwa. Kila jamii imelikuza lile inalolithamini, kwa sauti au kwa macho.

Visiwani Zanzibar mfano wa macho uko katika ngoma ya ndege. Wanawake waliovaa magauni ya rangi husonga mbele kwa hatua za taratibu, wakifungua na kufunga miavuli kwa mdundo mmoja. Mwavuli unapofunguka, mkono uliosogea kidogo tu umejaza hewa yote iliyo juu ya kichwa. Kanga iliyofungwa kiunoni nayo hufanya kazi inayokaribiana na ile ya ngozi ya Baganda: hukaza pale penye mwendo na kumwelekeza mtazamaji pa kutazama.

Na maulidi ya homu, ambayo ni ibada na haifai kuhesabiwa ngoma, yanathibitisha jambo hilo hilo kwa njia yake. Wanaume hupiga magoti safu moja, kanzu nyeupe na kofia, wakiinama na kuinuka pamoja kwa matari. Weupe ule mmoja huondoa tofauti ya mtu na mtu, ukabaki mwendo wa safu nzima. Jaribu kuwavika kila mmoja rangi yake, na lile wimbi litapotea.

Ninalowaomba wenzangu ni jambo dogo. Kikundi kinapotayarishwa kwenda kucheza katika uwanja wa Gombani, Pemba, au kusafiri nje, mara nyingi fedha huenda kwanza kwenye sare, na sare nzuri haina ubaya. Lakini ngoma ya msewe isiyo na msewe uliosukwa vyema na kukaushwa vyema imepungukiwa na kiungo, hata iwe na kitambaa cha namna gani. Basi fundi anayejua kusuka vifuko hivyo alipwe kama anavyolipwa fundi cherehani, na akae na vijana akiwafundisha: jani gani lichumwe, likaushwe vipi, mbegu kiasi gani ziingie. Na popote msewe utakapowekwa ili vizazi vijavyo viutazame, iwe katika makumbusho ya Chake Chake au kwingineko, sauti yake nayo irekodiwe na kuwekwa hapo hapo.