Kiboko Kapita Kiwanjani

Sogeeni, wanangu wa Musoma, Bunda na Butiama. Jana mmoja wenu aliniuliza, "Mjomba, gofu ni mchezo gani?" Ahaa! Swali zuri hilo. Uliza tena na tena, mwanangu.

Mnalijua bao, mchezo alioupenda sana Mwalimu Nyerere. Kete hutoka shimo hadi shimo. Na gofu ni shimo hadi shimo, ila bao lake ni kubwa, unalizunguka kwa miguu. Unapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka utumbukie. Kisha unafuata shimo jingine. Kiwanja kamili kina mashimo 18.

"Nani aliuleta huku?"

Waingereza. Mchezo wenyewe ulikulia Uskoti. Mwaka 1901 walianzisha klabu ya gofu Entebbe, Uganda, kando ya ziwa letu hili hili. Baadaye viwanja vikafika Jinja na Kisumu. Zamani hizo mkoloni alicheza, Mwafrika akambebea mfuko wa fimbo. Leo Mwafrika anacheza mwenyewe, nami nafurahi sana.

"Viwanja vyote vinafanana?"

La, havifanani. Kule Usa River, Arusha, unacheza kati ya Meru na Kilimanjaro. Penye ukame, majani hayastawi, hivyo kuzunguka shimo humwagwa mchanga uliochanganywa na mafuta. Lakini mimi navipenda vya ziwani. Vina mwenyeji wao. Msikilizeni:

"Mimi ni kiboko. Mchana nashinda majini, jua lisiniunguze ngozi. Usiku napanda nchi kavu kula. Loo, majani mafupi, laini! Nani kanikatia? Nakula, nakula, nakula. Alfajiri narudi majini. Nina uzito wa zaidi ya kilo 1,000, na kila mguu una vidole vinne. Nikikanyaga tope, naacha shimo."

"Mjomba, mpira ukiingia kwenye shimo la kiboko?"

Umefikiri vizuri sana! Hapo mpira umetumbukia, lakini si kwenye shimo lenyewe. Jinja waliweka kanuni: utoe mpira kwenye unyayo wa kiboko, uuweke pembeni, uendelee. Huadhibiwi.

"Na kiboko mwenyewe akiwa bado amesimama hapo?"

Klabu ya Nyanza, Kisumu, nayo ilikuwa na kanuni yake: mpira ukitua karibu na kiboko au mamba, usiufuate. Chukua mwingine, uuangushe mbali naye, ila usisogee karibu zaidi na shimo.