Kuku Mwepesi wa Jioni kwenye Jiko la Makaa

Nyama ya kuku peke yake si chakula kizito. Gramu 100 za kidari kilichopikwa bila ngozi zina kalori 165 hivi, protini gramu 31 na mafuta yasiyofika gramu 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, yaani gramu 14 hivi, kina kalori 120. Vijiko vitatu vikimiminwa kutoka kwenye chupa bila kupimwa, kalori zake zinazidi zile za gramu 200 za kidari, na hapo wali au ugali haujapakuliwa. Uzito wa chakula cha jioni, ule unaomfanya mtu alale tumbo likiwa limejaa na kuamka amechoka, mara nyingi hutoka kwenye chupa ya mafuta.

Katika nyumba nyingi za Gitega na Muyinga, nchini Burundi, kama ilivyo kwingi Afrika Mashariki, kuku wa kienyeji hupikwa kwa hatua tatu. Kwanza huchemshwa mpaka alainike. Kisha vipande hutolewa na kukaangwa kwenye mafuta mengi mpaka vipate rangi. Mwisho hutiwa kwenye mchuzi ulioungwa kwa mafuta mengine. Inayopika hasa ni hatua ya kwanza. Ya pili huleta rangi na ukoko, nayo humwachia mlaji mafuta ambayo nyama haikuwa nayo. Mbaya zaidi, maji aliyochemshiwa kuku, yenye ladha yake yote, mara nyingine humwagwa au huwekwa kando yakasahaulika. Mpishi anayeanza akiiacha hatua ya pili, akapima mafuta ya hatua ya tatu kwa kijiko na kuyatunza yale maji kama mali, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Yaliyobaki ni kujua kuku, moto na muda.

Kuku wa sokoni ni wa aina mbili, na kila mmoja ana mapishi yake. Kuku wa kienyeji ametembea maisha yake yote akichakura, kwa hiyo misuli yake ni migumu na ladha yake ni nzito. Kuku wa kisasa amefugwa kwa wiki chache ndani ya banda. Nyama yake ni laini, ina maji mengi, na huiva haraka. Anayempika kuku wa kienyeji kwa dakika 20 atatafuna kamba. Anayemchemsha kuku wa kisasa kwa saa mbili atapata nyuzi zisizo na ladha. Makosa haya mawili ndiyo yanayowavunja moyo wapishi wapya kuliko jambo lingine lolote, na yote mawili huepukika sokoni, kabla moto haujawashwa.

Kwa kuwa kuku wa kienyeji huuzwa akiwa hai, umri wake hupimwa kwa mkono. Ncha ya mfupa wa kidari, upande wa tumboni, hupinda kidogo ikibonyezwa kwa kuku mdogo. Kwa kuku mzee imekauka kama ukucha. Jogoo mzee hujulikana pia kwa kipi, ile kucha ndefu inayoota nyuma ya mguu. Tembe au pora, ambaye hajakomaa, huiva kwa dakika 50 mpaka saa moja. Mtetea aliyetaga misimu kadhaa huhitaji saa mbili au zaidi, lakini supu yake haina mfano. Kuku wa kilo moja na nusu akiwa hai hubaki na takriban kilo moja baada ya kuchinjwa, kunyonyolewa na kutolewa matumbo. Nyama hiyo, ikipikwa na mboga, hutosha watu watano au sita.

Mafuta mengi ya kuku hukaa kwenye ngozi na chini yake, na mengine hujikusanya kama vipande vya manjano karibu na mkia na ndani ya tumbo. Kuyatoa hakuhitaji ustadi. Ngozi ya kidari na ya mapaja hushikwa kwa kitambaa kikavu ili isiteleze, kisha huvutwa kwa mkono mmoja huku kisu kikisaidia pale inaposhikamana na nyama. Ngozi ya mabawa na ya shingo ni ngumu kutoa; hiyo iachwe, mafuta yake yataelea juu ya supu na kuenguliwa baadaye. Kuku wa kienyeji hana mafuta mengi kama yule wa kisasa, kwa hiyo kazi hii ina faida kubwa zaidi kwa kuku wa banda.

Kuosha nyama ya kuku ni desturi yenye mizizi mirefu, lakini maji yanayorukaruka husambaza vijidudu kama salmonela kwenye vyombo, kwenye mboga na kwenye nguo. Vijidudu hivyo hufa kwa moto, si kwa maji. Penye damu au manyoya, ni salama zaidi kupangusa kwa mkono au kitambaa kitakachofuliwa mara moja kwa maji ya moto, au kuiosha taratibu ndani ya beseni moja ambalo baadaye husuguliwa kwa sabuni. Kisu na ubao vilivyokata kuku mbichi havigusi nyanya wala kotmiri kabla ya kuoshwa. Mikono pia.

Sasa moto, na hapa nyanda za juu za Burundi zina sheria yake. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Muyinga, kaskazini-mashariki, kwenye barabara iendayo mpaka wa Kobero na Tanzania, uko juu zaidi. Maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam au Mombasa huchemka kwa nyuzi 95 hivi mjini Gitega, kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi na huyakandamiza kidogo. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Kuku huwa salama kuliwa sehemu yake nene zaidi ikifika nyuzi 74, kwa hiyo usalama hauna shaka hata Muyinga. Kinachobadilika ni ulaini. Nyuzi ngumu zinazounganisha misuli ya kuku mzee hugeuka utelezi kwa joto na muda, na joto likipungua muda lazima uongezeke. Maelekezo ya mapishi yaliyoandikwa pwani yanaposema saa moja na nusu, mpishi wa Gitega aweke robo saa au nusu saa zaidi kwa mtetea mzee. Kuchochea moto hakusaidii: maji yanayotokota kwa fujo hayapati joto zaidi ya yale yanayotoa vipovu kidogo kidogo, bali hukauka upesi na kumaliza makaa. Mfuniko mzito, au mfuniko wa kawaida uliowekewa jiwe safi juu, husaidia zaidi. Mwenye sufuria la presha hupunguza muda huo kwa zaidi ya nusu.

Jiko la makaa, ambalo kwa Kirundi huitwa imbabura, linafaa sana kwa upishi huu wa pole pole. Makaa huwashwa mpaka yafunikwe na majivu meupe, ndipo sufuria huwekwa. Baada ya mchemko wa kwanza, kijidirisha cha hewa hufungwa nusu, au makaa mawili matatu hutolewa. Mapovu ya kijivu yanayopanda katika dakika kumi za kwanza huenguliwa kwa kijiko. Hapo ndipo hutiwa kitunguu maji kilichopasuliwa katikati, tangawizi iliyopondwa, chembe tatu za kitunguu saumu na majani ya seleri, kiungo kinachopendwa sana katika majiko ya Burundi na kinachoweza kubeba supu nzima kikiwa peke yake. Chumvi huja mwishoni, kwa kuwa maji hupungua na chumvi hubaki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na vile vidonge vya supu vya dukani kwa kiasi kikubwa ni chumvi. Aliyechemsha kuku wa kienyeji kwa saa mbili hana haja navyo.

Kuku akishalainika, sufuria hutolewa motoni na kuachwa litulie kwa dakika kumi. Mafuta hupanda juu na kuonekana kama miduara ya dhahabu, na huenguliwa kwa kijiko kipana kinacholazwa juu ya uso wa supu. Vitabu vya nchi zenye friji kila nyumba hushauri supu ilale usiku kucha ili mafuta yagande. Penye friji hilo ni zuri. Pasipo friji, supu isiachwe, hata kama usiku wa Gitega ni wa baridi, kwa sababu baridi hiyo haitoshi kuzuia vijidudu kuzaliana. Kijiko na uvumilivu vinatosha.

Mchuzi hujengwa kwa supu hiyo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, kwa chakula cha watu watano, hutandazwa kwenye sufuria lenye kitako kizito. Kitunguu kilichokatwakatwa hutiwa pamoja na chumvi kidogo, na kikianza kushika chini hutiwa upawa mmoja wa supu badala ya mafuta zaidi. Maji yakikauka hutiwa upawa mwingine. Kwa njia hii kitunguu hulainika na kupata rangi ya kahawia ndani ya dakika 15, na hakuna mlaji atakayegundua kwamba mafuta yalikuwa kijiko kimoja. Hufuata nyanya tatu au nne zilizoiva na kupondwa, zipikwe mpaka zipoteze ukali wake, kisha karoti iliyokunwa, ambayo hufanya mchuzi uwe mzito bila unga. Vipande vya kuku huingia mwisho na kukaa dakika kumi ili vinywe ladha.

Mawese yanastahili neno lake. Michikichi ya Rumonge, kandokando ya Ziwa Tanganyika, imewapa Warundi mafuta mekundu ambayo bila hayo maharage na sombe (kisamvu) havina utambulisho. Wekundu huo unatokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ile ambayo wataalamu wa moyo hushauri ipunguzwe. Kuyafukuza jikoni kungekuwa hasara ya ladha na ya historia. Kijiko kimoja hutosha: yana harufu kali, na yakitiwa mwishoni mwa upishi harufu hiyo hubaki bila kuungua.

Kuku wa kisasa hutaka njia nyingine. Kidari chake hukatwa vipande vyembamba, unene wa kidole, na kulowekwa nusu saa kwenye maji ya ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili kidogo. Mafuta yasiyozidi kijiko cha chai hupakwa ili nyama isishike kwenye wavu. Makaa yawe meupe kabisa, bila ulimi wa moto, maana ndimi za moto huunguza nje kabla ndani hapajaiva. Dakika nne au tano kila upande hutosha kwa vipande vyembamba. Paja lenye mfupa huchukua dakika 30 au zaidi, mbali kidogo na makaa. Kipande kinene zaidi hupasuliwa kuangaliwa: maji yanayotoka yawe maangavu, na nyama isiwe na rangi ya waridi. Mishikaki ya mbuzi ndiyo inayojulikana zaidi kwenye majiko ya mitaani, lakini mkono uliozoea kuigeuza utambanika kuku bila shida.

Muyinga ina jamii kubwa ya Waislamu, na sherehe haikamiliki bila pilau. Pilau ni mfano mzuri wa chakula kinachoonekana hakiwezi kupunguzwa uzito. Mafuta yake mengi hutumika kukaanga kitunguu na mchele. Supu ya kuku ikishika nafasi ya maji, na kitunguu kikikaushwa kwa ule utaratibu wa upawa, vijiko viwili vya mafuta vinatosha vikombe vitatu vya mchele. Mdalasini, iliki, karafuu na bizari nyembamba hukaangwa kwanza, wakati mafuta bado ni moto, kwa sababu harufu yake huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Rangi itakuwa hafifu kidogo. Ladha haitapungua.

Kinachowekwa pembeni mwa kuku ndicho kinachokamilisha au kuharibu hesabu. Lengalenga, kabichi na nyanya chungu, ambazo Warundi huziita intore, zinaweza kujaza nusu ya sahani. Robo iwe ya nyama, robo ya ugali, ndizi, viazi vitamu au wali. Lengalenga hukatwa na kutiwa kwenye sufuria lenye maji ya kufunika kitako tu, dakika tano, na mchuzi wa kuku humiminwa juu yake badala ya kuungwa upya. Intore zina uchungu unaokata ladha ya mafuta, na zinafaa kupikwa ndani ya mchuzi wenyewe, zikiwa zimepasuliwa mara nne, dakika 20 kabla ya kuepua. Maharage yakiwa tayari yamechemka, kikombe kimoja kwenye mchuzi huongeza protini na kumfanya kuku mmoja atoshe siku ya pili.

Siku hiyo ya pili huhitaji uangalifu. Chakula kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa mbili kabla ya kuwekwa kwenye friji, na humo kisizidi siku tatu. Nyumba isiyo na friji hupika kiasi kinachomalizika usiku uleule. Kinachopashwa moto kichemke mpaka katikati, mara moja tu, na kilichobaki baada ya hapo kitupwe.