Kamasi na Kazi Yake Mwilini

Wakati wa kuanika karafuu, kila mtu sakafuni huwa na kitambaa karibu. Mmoja anakwenda chafya, mwengine anakohoa, na aliyeinama kuchambua makonyo pua inamchuruzika. Tumezoea kuliona jambo hili kuwa ni uchafu na aibu, na mara nyingi mtu hukimbilia dukani kununua kidonge cha kukausha mafua apate kuendelea na kazi yake. Katika ukurasa huu twapenda kuwaeleza wanachama kwamba kamasi lile halikutoka bure. Ni mwili unafanya kazi yake sawasawa, na anayelikausha ovyo humfukuza mlinzi hali ya kuwa mwizi yungali mlangoni.

Yafaa tujue kwanza kwamba mtu ana ngozi mbili. Ya nje twaijua sote, ni kavu na inastahimili jua na miiba. Ya pili imetandikwa ndani, katika kila njia ya mwili inayofunguka nje: pua, kinywa, koo, mabomba ya pumzi, tumbo, utumbo mpaka mwisho wake, njia ya mkojo na njia ya uzazi, hata upande wa ndani wa kope za macho umo. Madaktari huiita utando ute. Utando huu ni laini na pahala pengi ni mwembamba sana, na ni lazima uwe hivyo, maana katika utumbo chakula hupita kwake kuingia katika damu. Lau ungekuwa mgumu kama kisigino cha mchumaji, tungekula tukashiba na mwili usifaidi kitu. Lakini kitu chembamba chataka hifadhi, na hifadhi yake ndiyo ule ute. Puani twauita kamasi, kifuani twauita balghamu au makohozi, na tumboni hatuuiti kitu kwa kuwa hatuuoni.

Ute wenyewe, katika sehemu 100 zake, 90 na zaidi ni maji. Zilizobakia ni chumvi kidogo na protini ndefu zilizoshikana na sukari, ziitwazo musini. Zikipata maji hufura na kusokotana zikawa utelezi, mfano wa ule utelezi wa bamia. Ndani ya utelezi huo mna dawa. Alexander Fleming, yule daktari wa London aliyekuja kugundua penisilini mwaka 1928, alikuwa na mafua akaweka kamasi la pua yake mwenyewe katika sahani yenye vijidudu, akaona vile vilivyo karibu na kamasi vinayeyuka. Mwaka 1922 akaitangaza dawa hiyo ya mwili, nayo yaitwa lisozaimu. Imo katika makamasi, katika mate na katika machozi. Mna pia kingamwili, ambazo huvishika vijidudu visipate kujibandika penye utando. Basi anayedhani kamasi ni uchafu mtupu amekosea, ingawa hatumwambii mtu aliache likining'inia.

Sasa turudi sakafuni. Mtu akipiga reki au kuzifagia karafuu zilizokwisha kukauka, vumbi huruka, na vumbi hilo si la namna moja. Chembe kubwa hunaswa na nywele za pua na kamasi la mwanzo. Chembe za kadiri hufika katika mabomba ya kifuani, na huko nako hunata katika ute kama nzi katika ulimbo. Lakini kunasa hakutoshi, maana ute ungekaa pale pale ungejaa na kuziba njia. Kwa hivyo juu ya utando wa pua na mabomba ya pumzi mmeota vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, navyo hupiga makasia pamoja, yapata mara 10 mpaka 20 katika kila sekunde moja, vikiusukuma ute upande mmoja tu. Wa puani hurudishwa nyuma kooni, na wa kifuani hupandishwa juu mpaka kooni. Kisha twaumeza pasipo kujua, na makali ya tumbo humaliza vijidudu vingi vilivyomo.

Madaktari wana njia rahisi ya kuipima kazi hiyo. Humtia mtu chembe ya sakarini, ile sukari ya dawa, ndani ya tundu la pua, wakamwambia akae asinuse wala asipenge, kisha hutazama saa mpaka aseme kwamba anaona utamu kooni. Mtu mzima wa afya huuona kabla ya dakika 20 kupita. Anayevuta sigara mara nyingi hukawia kuliko hivyo, kwa sababu moshi huvilegeza vile vijinywele na mwisho huviua. Hii ndiyo asili ya kikohozi cha mvutaji cha kila asubuhi: makasia yameharibika, mzigo umebaki, na sasa lazima aukohoe kwa nguvu. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na pa kutokea nao una madhara ya namna hiyo kwa mabibi zetu na watoto wanaowakalia karibu.

Ziko chembe ndogo zaidi, za moshi na za vumbi laini kabisa, ambazo huupita mtego huo wote zikafika mwisho wa pafu, katika vile vifuko ambamo hewa hukutana na damu. Huko hakuna ute wa kunasa wala vijinywele vya kusukuma. Zipo chembe za damu nyeupe za kusafisha, lakini kazi yao ni ya polepole, na vumbi la msimu mzima laweza kuzishinda. Kwa hivyo barakoa nzuri inayoziba pua na kinywa sawasawa ni bora kuliko ncha ya kanga, na ncha ya kanga ni bora kuliko kutojifunika kabisa. Wapakiaji wa magunia ghalani ndio wanaoihitaji zaidi, nao ndio tunaowaona mara kwa mara hawana. Tena mtu anywe maji ya kutosha, maana mwili uliopungukiwa maji hufanya ute mzito usiosukumika. Na anayetia udhu hupandisha maji puani, basi vumbi jingi hutoka nayo. Maji yawe safi tu.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wenye mikarafuu kuliko watu wengine. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, mpaka nchi hiyo ilipopanda mikarafuu yake kwa wingi katika miaka ya 1970. Karafuu hizo hazikwenda kutiwa katika pilau. Zilikwenda kukatwakatwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara ziitwazo kretek. Husimuliwa kwamba mwanzo wake ni mtu mmoja wa mji wa Kudus, katika karne ya 19, aliyekuwa na maumivu ya kifua, akajaribu kuvuta karafuu akaona amepata nafuu. Nafuu ile yafahamika. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kiitwacho yujeno, nacho hutia ganzi. Koo lililotiwa ganzi haliwashwi na moshi. Lakini kuwashwa na kukohoa ni sehemu ya ulinzi wa utando, kwa hivyo ganzi haikumwondolea mvutaji madhara, imemwondolea onyo.

Ganzi hiyo hiyo ndiyo inayotufaa sisi katika jino linalouma. Lakini mafuta ya karafuu matupu, au yale yanayotolewa katika makonyo, ni makali, na yakimwagika juu ya ufizi au ulimi huuchoma utando ukababuka. Changanya tone moja na mafuta ya kula kwanza, kisha uguse jino kwa pamba. Na chupa iwekwe mbali na watoto, maana kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai kimepata kuwaharibu maini watoto wadogo na kuwatia katika hatari ya kufa.

Tumboni ute una kazi ngumu kuliko zote. Tumbo hutoa asidi kali ya kuyeyusha nyama, na kama si tabaka ya ute lenyewe lingeliwa kama nyama nyengine. Kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba vidonda vya tumbo ni vya mawazo na pilipili. Mwaka 1982, huko Perth, Australia, madaktari Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha kijidudu anayeogelea ndani ya ute huo na kukaa chini yake. Hawakusadikiwa upesi, hata mwaka 1984 Marshall akainywa chupa ya vijidudu hivyo akaugua tumbo yeye mwenyewe. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kidonda cha namna hiyo hutibiwa kwa dawa za kuua kijidudu, wala hakiponi kwa maziwa peke yake.

Sababu ya pili tunainunua wenyewe. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huondoa maumivu kwa kuzuia kitu ambacho ndicho pia kinachoamrisha tumbo litoe ute. Mzee mmoja jirani yangu, mchumaji wa miaka mingi, alimeza vidonge vya magoti asubuhi na jioni msimu mzima, aghalabu kabla ya kula, kwa kuwa alitaka kuwahi shamba. Siku moja choo chake kikawa cheusi kama lami. Ilikuwa ni damu, na ilibidi aongezwe ya watu wengine. Anayehitaji vidonge hivyo kila siku amwone daktari, kwani kuvimeza juu ya chakula hakutoshi kuwa kinga.

Limebaki swali tunaloulizwa sana, la rangi ya kamasi. Ukijani hutokana na chembe za damu nyeupe zinazopigana, na huonekana hata katika mafua ya kawaida yanayopona yenyewe. Kwa hivyo rangi peke yake si sababu ya kununua antibiotiki. La kuogopwa ni jengine: kikohozi kilichotimiza wiki mbili, au makohozi yenye damu, au kikohozi pamoja na homa za usiku, jasho na kukonda. Mtu huyo asiseme ni vumbi la karafuu. Aende akapimwe kifua kikuu; vipimo na dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali. Makohozi yanayotakiwa ni yale ya alfajiri, yanayotoka kifuani kwa kukohoa hasa. Mate ya kinywani hayafai, na wengi wamerudishwa kwa sababu hiyo.