Kuongeza Nguvu ya Gari: Usemi Mmoja, Kazi Tatu

Makala haya yana nia ya kuchunguza usemi unaosikika kila siku katika gereji zetu, nao ni "kuongeza nguvu ya gari". Usemi huu ni mwepesi kuutamka, lakini umebeba maana nyingi. Tukiuacha ulivyo katika barua za ofisi, katika masomo ya ufundi na katika tafsiri za maelezo ya viwandani, mwenye gari atalipia kazi asiyoihitaji, na mara nyingine atalipia hatari.

Tuchukue mfano wa Kasokola, kata iliyomo katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Tuseme mwalimu wa huko ana gari dogo la siku nyingi, kama vile Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya sentimita za ujazo 1,498. Hulitumia kwenda kazini na, wakati wa mavuno, kuchukulia magunia ya mahindi au mpunga. Gari limechoka, kila likikuta mwinuko, dereva hulazimika kurudi hadi gia ya kwanza. Mwalimu anamwambia fundi, "Liongeze nguvu." Fundi amesikia agizo moja, lakini kazi zinazoweza kufuata ni tatu.

1. Nguvu ipi?

Katika mazungumzo ya kawaida neno "nguvu" hutumika kwa mambo ambayo elimu ya fizikia huyatenganisha. Kani ni ile inayosukuma au kuvuta kitu. Msokoto ni uwezo wa kani kuzungusha kitu, kama mkono unavyozungusha spana. Nguvu, kwa maana ya kitaalamu, ni kiasi cha kazi kinachofanywa kwa kipindi fulani. Katika injini hutokana na msokoto pamoja na wingi wa mizunguko. Mchapuko ni kadiri mwendo unavyobadilika kwa muda. Mwalimu wetu hataki kwenda mbio. Anataka msokoto katika magurudumu, ili gari lipande likiwa na mzigo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Watu wengi huweka matairi makubwa ili gari liinuke juu ya mawe na makorongo. Gari lililokuwa na tairi za 175/70 R13 likifungwa za 185/70 R14, kipenyo cha tairi huongezeka kutoka milimita 575 hadi 615, na gari huinuka kwa karibu sentimita 2. Hiyo ndiyo faida. Hasara ni kwamba kani ya kusukuma gari hupungua kwa zaidi ya asilimia 6, na kipimamwendo kilichokuwa sahihi sasa hudanganya: kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakwenda zaidi ya 85. Aliyetaka gari "lenye nguvu" amepata gari refu lililo zito kupanda. Kama agizo lingetaja msokoto, kosa hili lingeonekana kabla ya fedha kutumika.

2. Kurudisha, kuimarisha, kuongeza

Kazi ya kwanza ni kurudisha nguvu, yaani kulipa gari kile lililokuwa nacho lilipotoka kiwandani. Kwa gari kuukuu kazi hii ndiyo yenye gharama ndogo na faida kubwa. Katika vumbi la kiangazi chujio la hewa huziba upesi. Injini yenye kabureta hupata petroli nyingi mno kwa kiasi cha hewa kinachoingia, ikatoa moshi mweusi. Injini yenye nozo hurekebisha mchanganyiko, lakini bado hukosa pumzi inapotakiwa kutoa nguvu yote. Plagi zilizolika, waya zinazovujisha umeme, taimingi iliyohama, breki zinazokamata wakati hazikukanyagwa na matairi yasiyo na upepo wa kutosha, yote hayo hula nguvu kimyakimya.

Kazi ya pili ni kuimarisha, yaani kuzipa uwezo sehemu zinazobeba na kuzuia nguvu: springi, shokapu, bushi, breki na matairi. Kazi hii haiongezi hata chembe ya nguvu ya injini, lakini ndiyo inayomwezesha dereva kuitumia bila kuhatarisha roho za watu. Haifai kuharakisha gari ambalo halisimami.

Kazi ya tatu ndiyo kuongeza nguvu hasa: kubadilisha injini au sehemu zake ili itoe nguvu kupita kipimo cha kiwandani. Hii ni ghali, na huhitaji kazi ya pili itangulie. Wapo wanaodhani kwamba kuondoa sailensa au kutoa chujio la hewa ni kuongeza nguvu. Kuondoa sailensa huongeza hasa mngurumo, na debe tupu haliachi kuvuma. Kutoa chujio huingiza vumbi ndani ya silinda, likasaga ringi na kuta zake, hadi mgandamizo unapungua na injini inaanza kula oili.

Hapa inafaa kutaja jambo linalohusu mahali penyewe. Mpanda iko zaidi kidogo ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na mtambo wa kusindilia hewa, yaani tabo, hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Upungufu huo si ugonjwa wala si kosa la fundi, na hauwezi "kurudishwa" kwa matengenezo.

3. Hatari ya neno "mafuta"

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni "mafuta". Huitwa mafuta petroli na dizeli, huitwa mafuta oili ya injini, na yapo pia "mafuta ya breki". Katika magari ya aina tunayoizungumzia, kinachotiwa katika breki si jamii ya oili. Oili ya injini ikitiwa humo, mipira ya breki huvimba na kuharibika, na breki zaweza kushindwa kabisa. Mfasiri anayeandika "ongeza mafuta" bila kufafanua ameacha mlango wazi kwa ajali. Tunapendekeza "kioevu cha breki".

4. Njia ya kuchagua istilahi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Tafsiri Sanifu ilipoanza kutolewa mwaka 1974, swali limekuwa lile lile: tukope, tuunde au tupanue maana ya neno tulilo nalo? Magari yametufundisha njia zote. "Usukani" ulitoka katika vyombo vya baharini, "kabureta" na "klachi" yamekopwa, "chujio" limepanuliwa. Neno ambalo mafundi wamekwisha kulikubali lisiondolewe kwa sababu tu ni la mkopo. Baraza na walimu waingilie pale neno moja linapobeba mambo mawili yenye matokeo tofauti.

Kwa hiyo yanapendekezwa haya:

Kurudisha nguvu: kulifikisha tena gari katika kipimo chake cha kiwandani.
Kuimarisha: kuzipa uwezo zaidi sehemu zinazobeba au kuzuia nguvu.
Kuongeza nguvu: kupita kipimo cha kiwandani.
Msokoto: uwezo wa kani kuzungusha kitu.
Mgandamizo: kubanwa kwa hewa na petroli ndani ya silinda.
Kioevu cha breki: kimiminika kinachopeleka kani ya kanyagio hadi kwenye magurudumu.

Mtumishi anayeandika agizo la matengenezo na ataje ni kazi ipi kati ya hizo tatu, ili mkaguzi aweze kuipima. Naye mwalimu wa Kasokola, akimwambia fundi "nirudishie nguvu, kisha niimarishie breki", atakuwa ameokoa fedha zake, na pengine maisha yake pia.