Si kila kioo huyeyushwa kuwa chupa mpya

Chupa ya jemu, bakuli la kuokea keki na kioo cha kujitazamia vikianguka, vigae vyake hufanana. Ndiyo maana wengi huvizoa vyote na kuvitia katika gunia moja. Kwa kiwanda cha chupa, gunia hilo ni hasara.

Chupa hutengenezwa kwa mchanga wenye silika, magadi na mawe ya chokaa. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi. Magadi, kama yale ya Ziwa Magadi nchini Kenya, hulishusha joto hilo, na chokaa huizuia chupa isilike kwa maji. Hivyo tanuri hufanya kazi kwenye nyuzi 1,500 hivi.

Vigae vya chupa kuukuu huyeyuka upesi kuliko malighafi mpya. Kila asilimia 10 ya vigae inayoongezwa hupunguza nishati kwa karibu asilimia 3. Tena, magadi na chokaa hutoa hewa ya ukaa vikichomwa, ilhali vigae vilishaitoa mara ya kwanza. Chupa yaweza kuyeyushwa mara nyingi bila ubora wake kushuka.

Kwanza chupa hutengwa kwa rangi, kwa sababu rangi haitoki kwa moto: kigae cha kijani au kahawia hakizai chupa nyeupe. Kisha hupondwa, sumaku ikanasa vifuniko vya chuma, na uchafu ukaondolewa kabla ya vigae kuingia tanurini.

Bakuli la kuokea mara nyingi huwa na boroni ili listahimili joto la oveni. Kwa hiyo haliyeyuki sawasawa na chupa. Vipande vya sahani na vikombe vya kauri ni vibaya zaidi. Hubaki punje ngumu ndani ya kioo, na chupa yenye punje hiyo yaweza kupasuka ikijazwa soda yenye gesi. Kioo cha kujitazamia kimepakwa metali mgongoni, na cha mbele ya gari kina utando wa plastiki katikati. Kioo cha dirisha huweza kurejelezwa, lakini mchanganyiko wake si ule wa chupa, hivyo hukusanywa kivyake.

Taa za tyubu za fluoresenti zina zebaki, ambayo mvuke wake hudhuru mishipa ya fahamu. Usizivunje wala kuzichanganya na chupa.

Hata hivyo, chupa ya soda au bia inayorudishwa dukani na kreti yake haihitaji tanuri: huoshwa na kujazwa tena. Basi anza kwa kurudisha zinazorudishwa. Zilizobaki zisuuze, ondoa vifuniko, na umkabidhi mnunuzi wa chupa zikiwa peke yake, bila sahani, balbu wala bakuli la oveni.