Kipindi cha dakika 40 kina dakika ngapi?

Ratiba iliyobandikwa kwenye ofisi ya mwalimu wa taaluma huwa imenyooka kwa rula: vipindi vya dakika 40, vingine viwili mfululizo, mapumziko ya chai, kisha vipindi tena mpaka alasiri. Mzazi akiiona anaridhika kwamba mtoto wake anasoma kutwa. Lakini ratiba inaonyesha muda uliotengwa tu. Muda ambao mwalimu anafundisha kweli ni mfupi kuliko huo, na muda ambao akili ya mwanafunzi inafanya kazi ni mfupi zaidi. Shule nyingi zinapoona matokeo mabaya huongeza muda wa kwanza: masomo ya ziada Jumamosi, kambi, tuisheni jioni. Mimi naona tungeanza na ule wa tatu.

Watafiti walioshirikiana na Benki ya Dunia walipima jambo hili katika shule za msingi za nchi 7 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, wakifika shuleni bila kutoa taarifa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017 yalionyesha kuwa mwanafunzi wa darasa la nne alifundishwa wastani wa saa 2 na dakika 50 kwa siku, zaidi kidogo tu ya nusu ya muda wa ratiba. Asilimia 44 ya walimu hawakuwa darasani walipotakiwa kuwamo. Na karibu nusu ya hao walikuwepo shuleni, ndani ya uzio uleule.

Ni rahisi kusema walimu ni wavivu tukamaliza mjadala. Wapo wazembe, kama ilivyo katika kila kazi. Ila aliyekaa katika ofisi ya walimu anajua kinachoendelea pale: mwalimu wa zamu anashughulikia mtoto aliyeugua, mwingine anajaza taarifa zinazotakiwa wilayani kabla ya saa sita, mwingine kazungukwa na rundo la madaftari, na kikao cha dharura kimeitishwa saa za vipindi kwa sababu hakuna aliyefikiria saa nyingine. Kila shughuli ina sababu yake nzuri, na kila moja inalipiwa kwa kipindi cha darasani, maana kipindi ndicho kitu pekee shuleni ambacho kikikosekana hakuna anayekuja kukidai.

Sasa tuingie ndani ya kipindi chenyewe. Chukua somo la Biolojia, Kidato cha Pili, darasa la wanafunzi 70. Kengele imelia, lakini mwalimu wa Hisabati bado anamalizia swali la mwisho; anatoka dakika 4 baadaye. Salamu, kufuta ubao uliojaa hesabu, monita kukimbilia chaki, hizo ni dakika 3 nyingine. Kitabu cha kiada ni kimoja kwa wanafunzi kadhaa, kwa hiyo mwalimu anaandika nukuu ubaoni na darasa linanakili kwa dakika 15. Zimebaki 18. Anaeleza jinsi maji yanavyopanda kutoka mizizini hadi kwenye majani, kwa Kiingereza, kisha anarudia kwa Kiswahili kwa sababu anaona nyuso hazijaelewa. Dakika hizo za kurudia simlaumu hata kidogo. Anauliza, “Mmeelewa?” Darasa zima linaitika, “Ndiyo!” Kengele inalia, na zoezi linakuwa la kufanyia nyumbani. Mwalimu kafanya kazi kwa jasho bila kupoteza muda kwa makusudi. Hata hivyo, katika dakika zote 40 hakuna mwanafunzi aliyelazimika kufikiri jambo lolote peke yake.

Kunakili ndiko kunakokula muda mwingi, na ndiko kunakorekebishika. Nukuu za msingi zikiandikwa mara moja kwenye karatasi ya manila, zinaweza kutumika katika mikondo yote minne, na kunakili kukafanyika jioni chini ya monita. Kwenye ubao pale mwanzoni yawepo maswali matatu ya somo la wiki iliyopita, ambayo mwanafunzi anaanza kuyajibu kimya bila kusubiri mwalimu afungue daftari lake. Zile dakika za kuingia na kutulia zinageuka kuwa za masomo, na darasa hutulia haraka likiwa na la kufanya.

Kuna muda mwingine mdogo sana ambao ningependa kila mwalimu auchunge. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alisikiliza rekodi nyingi za vipindi vya sayansi katika shule za nchini kwake, na katika maandishi yake ya mwaka 1974 alieleza kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu, kisha anarudia swali, anamtaja mwingine au anajijibu. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokuwa kimya walianza kujitokeza, na waliosema hawajui walipungua. Aligundua pia kuwa kusubiri baada ya mwanafunzi kujibu kunasaidia vilevile, kwa sababu mwanafunzi asipokatizwa huendelea na kutoa sababu zake. Piga hesabu: maswali 10 katika kipindi, sekunde 2 za nyongeza kwa kila moja, jumla sekunde 20. Ukimya huo unatisha mwanzoni, hasa darasa likiwa kubwa na mkaguzi amekaa nyuma. Lakini mwanafunzi anayesikiliza swali kwa Kiingereza, akalielewa kwa Kiswahili, akatafuta jibu na kulirudisha kwa Kiingereza, sekunde 1 itamtosha wapi?

Tukija kwenye madaftari, tuwe wakweli. Wanafunzi 70 kwa dakika 2 kila daftari ni saa 2 na dakika 20. Mikondo minne ni saa 9 na dakika 20, kwa zoezi moja tu. Ndiyo maana tunaona alama za vema zilizopigwa bila kusomwa, na mwanafunzi analitambua hilo upesi kuliko tunavyodhani. Ni heri mwalimu asome kwa makini madaftari 10 katika kila mkondo, yabadilike kila wiki, aandike makosa yanayojirudia, na kesho yake aanze somo kwa kuyafundisha hayo, huku waliobaki wakisahihishiana kwa majibu yaliyoandikwa ubaoni. Hiyo ni saa 1 na dakika 20, na kosa linarekebishwa likiwa bado la moto.

Mwanafunzi naye ana muda wake anaoupoteza akidhani anasoma. Njia inayopendwa kuliko zote ni kufungua daftari na kulisoma tena na tena hadi maneno yazoeleke machoni. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma mara nne. Wengine walikisoma mara moja, kisha wakajaribu mara tatu kukiandika kwa kumbukumbu bila kukitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 61 na wenzao asilimia 40. Mtahiniwa wa Kidato cha Nne hafanyi mtihani dakika 5 baada ya kufunga daftari, hivyo matokeo ya wiki ndiyo yanayomhusu. Afunge daftari, achukue karatasi, aandike anachokumbuka, kisha afungue aone alichoacha. Arudie kesho, halafu wiki ijayo. Itamuuma, kwa sababu ataona wazi asichokijua, na wengi huiacha njia hii kwa sababu hiyo.

Anapopanga ratiba yake binafsi aache siku tupu. Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikisia siku 34. Walipoambiwa wakisie kama kila kitu kingekwenda vibaya kabisa, walisema siku 49. Walitumia 55. Anayepanga mwezi wa sita kumaliza mada zote kabla ya mtihani wa Novemba, bila siku hata moja ya kuugua, msiba, au mada kugoma kuingia, amepanga kushindwa. Na kwa msichana anayechota maji na kupika akitoka shule, ratiba hiyo haiwezi kupangwa na yeye peke yake. Wazazi lazima wakae mezani naye na kumgawia kaka yake baadhi ya kazi.

Kilichobaki ni usingizi, na hapo shule za bweni zinakosea zaidi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Taa zikizimwa saa 5 usiku na kengele ya kuamka ikilia saa 10 alfajiri, kijana amelala saa 5. Saa hizo tatu alizonyang’anywa si za mapumziko peke yake: wakati wa kulala ndipo ubongo unapoimarisha kumbukumbu za yale yaliyosomwa mchana. Mwanafunzi anayesinzia kwenye kipindi cha pili cha asubuhi anapigwa chenga na ratiba ya shule yake, kisha anaadhibiwa kwa kusinzia. Kusogeza kengele hiyo hadi saa 12, na kuzima taa saa 4, hakuhitaji kibali cha wizara wala bajeti; mkuu wa shule na walimu wake wanaweza kuliamua katika kikao kimoja, ilimradi kisiitishwe saa za vipindi.