Maji ya Usangu na Usalama wa Taifa

Mfumo ikolojia ni jumla ya viumbe hai wa mahali fulani pamoja na udongo, maji, hewa na mwanga wanavyovitegemea, vyote vikiwa vimehusiana kiasi kwamba kimoja kikibadilika na vingine hubadilika. Maana hiyo hufundishwa shuleni katika somo la baiolojia, na pengine ndiyo sababu watunga sera wengi hulihesabu suala hili kuwa la mbuga na wanyama, huku usalama wa taifa ukipimwa kwa ulinzi wa mipaka, akiba ya chakula, nishati na fedha za kigeni. Nchini Tanzania, hata hivyo, lipo bonde ambalo historia yake tangu miaka ya 1970 inaonyesha kuwa umeme wa viwandani, mchele wa sokoni, amani baina ya wakulima na wafugaji, na wakati mmoja hata uhai wa baraza la mawaziri, viliguswa na mwenendo wa maji ya ardhi oevu moja ambayo Watanzania wengi hawajawahi kuiona. Bonde hilo ni Usangu.

Mto Ruaha Mkuu huanzia katika milima ya Uporoto na Kipengere, kusini magharibi mwa nchi, ambako mvua ni nyingi. Maji yake pamoja na ya mito inayouongezea, kama Kimani, Chimala na Mbarali, huporomoka kutoka milimani hadi katika uwanda wa Usangu, mkoani Mbeya, ambao wenyewe hupata mvua chache na huishi kwa kile kinachoshuka kutoka juu. Yakifika uwandani hupoteza kasi, husambaa, na hatimaye hukusanyika Ihefu, ardhi oevu iliyo upande wa mashariki wa uwanda huo. Ardhi oevu ni eneo ambalo maji hutuama juu ya ardhi, au karibu kabisa na uso wake, mwaka mzima au kwa sehemu ya mwaka, kwa muda wa kutosha kuotesha matete, mafunjo na mimea mingine inayopenda unyevu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutolea maji, nao uko Ng'iriama, mahali ambapo kizingiti cha mwamba huyazuia mpaka kina chake kiupite usawa wa mwamba huo. Yakishavuka hapo huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huteremka hadi bwawa la Mtera, kisha bwawa la Kidatu, na mwisho huungana na Mto Rufiji kuelekea Bahari ya Hindi.

Mfumo wa namna hii hauzalishi maji, kwa kuwa maji yote hutokana na mvua. Unachofanya ni kuyapanga kwa wakati. Misitu na nyasi za milimani huipokea mvua ya masika na kuipenyeza ardhini, ambako huhifadhiwa katika tabaka za udongo na miamba na kutoka polepole kupitia chemchemi miezi mingi baada ya mvua kukatika, na ardhi oevu nayo huyapunguza kasi mafuriko, huyaachisha tope, na kuyatoa kidogo kidogo. Kazi kama hizo, ambazo maumbile huzifanya na binadamu akafaidika bila kulipa, ndizo wataalamu wanazoziita huduma za mifumo ikolojia. Huduma hiyo ya kupanga maji kwa wakati ina gharama yake, kwa maana jua na mimea ya Ihefu hurudisha angani sehemu kubwa ya maji yanayoingia. Watafiti waliopima bonde hilo katika miaka ya 2000 walikadiria kuwa, ili zipatikane mita za ujazo 0.6 tu kwa sekunde za kutoka Ng'iriama wakati wa kiangazi, yalihitajika kuingia Ihefu wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde, kiasi kilichokaribia kuwa mara mbili ya kile kilichokuwa kikiingia wakati huo. Makadirio hayo yanastahili kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu yanaonyesha kwamba upungufu usioonekana kuwa mkubwa juu ya uwanda hutosha kuukausha mto wote chini yake: mahitaji ya jua na matete hutangulia, na kizingiti cha mwamba hakipitishi chochote kabla kina hakijafika.

Ndivyo ilivyotokea. Tangu miaka ya 1970 uwanda wa Usangu uligeuzwa kuwa mojawapo ya ghala za mchele za nchi, kwanza kwa mashamba makubwa ya serikali ya Mbarali na Kapunga, kisha kwa maelfu ya wakulima wadogo waliofuata mifereji na kuchonga majaruba yao pembeni mwake. Mabanio ya saruji yaliyojengwa ili kuyaelekeza maji mashambani yaliboresha kilimo, lakini pia yaliwezesha mto kuchepushwa karibu wote katika miezi ambayo mpunga haupo shambani, na maji yakawa yanatiririka katika mifereji isiyofungwa huku yakipotelea njiani. Wakati huohuo makundi ya ng'ombe waliohamia kutoka mikoa ya kaskazini na magharibi yaliongezeka katika malisho ya Ihefu, na milimani mabonde yenye unyevu yalilimwa vinyungu, yaani bustani za kiangazi, au kupandwa mikaratusi, mti unaojulikana kwa kunywa maji mengi. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulikoma kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na hali hiyo ikajirudia miaka iliyofuata, viboko wakisongamana katika madimbwi ya tope yaliyobaki.

Lau madhara yangeishia kwa viboko, huenda suala hili lingebaki mikononi mwa wahifadhi peke yao. Lakini chini ya hifadhi ndiko yaliko mabwawa mawili yaliyobeba gridi ya taifa kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo vikuu vya umeme wa maji nchini vilikuwa na uwezo wa megawati 561. Kati ya hizo Kidatu ilikuwa na 204 na Mtera 80, yaani zaidi ya nusu ya uwezo wote ilitegemea mto mmoja. Mtera ndilo bwawa la kuhifadhi, na kina chake kina mipaka miwili ambayo wasomaji wa magazeti wa enzi hizo waliijua kwa nambari: mita 698.5 juu ya usawa wa bahari likijaa, na mita 690 ambapo mitambo hutakiwa kusimama. Ukame ulipolishusha bwawa kuelekea mpaka wa chini, kwanza kati ya 1992 na 1994 na tena mwaka 2006, nchi iliingia katika mgawo wa umeme, viwanda vikapunguza zamu, na wenye biashara za barafu, za kusaga nafaka na za kuchomelea vyuma wakakaa bila kazi au wakanunua mafuta ya jenereta kwa bei iliyomeza faida yao.

Hasara ya mgawo ni kubwa, ila hasara inayodumu zaidi ni ile ya maamuzi yanayofanywa gizani. Taifa lililobanwa na upungufu halina nafasi ya kujadiliana bei. Mkataba wa kampuni ya IPTL wa mwaka 1995, wa mtambo wa megawati 100 unaotumia mafuta, ulizaliwa na mgawo wa miaka ya 1990, na migogoro yake ikaisumbua hazina ya nchi kwa zaidi ya miaka ishirini, ikiwa pamoja na sakata la akaunti ya Tegeta Escrow lililowaondoa mawaziri na Mwanasheria Mkuu wa Serikali kati ya Desemba 2014 na Januari 2015. Mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ulizaliwa na mgawo wa 2006, na ripoti ya kamati teule ya Bunge juu yake ilifuatwa, Februari 2008, na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa na kuvunjwa kwa baraza la mawaziri. Haiwezi kusemwa kwamba ardhi oevu iliandika mikataba hiyo. Binadamu ndio walioiandika. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba dharura ndiyo iliyowapa nafasi ya kuiandika haraka, na dharura hiyo ilianzia kwenye maji.

Hapa lazima itolewe tahadhari, kwa kuwa jambo hili mara nyingi huelezwa kwa urahisi kupita kiasi. Maji mengi yanayojaza Mtera huingia wakati wa mvua, wala si kiangazi, na uchambuzi wa kihaidrolojia, yaani wa mwenendo wa maji katika ardhi, uliofanywa kuhusu mabwawa hayo ulionyesha kuwa sehemu ya upungufu wa miaka ya 1990 ilitokana zaidi na jinsi maji yalivyofunguliwa kutoka Mtera kwenda Kidatu kuliko na wakulima wa Usangu. Kwa hiyo kukauka kwa mto ndani ya hifadhi na kupungua kwa kina cha Mtera ni matatizo mawili yenye sababu zinazoingiliana lakini zisizofanana. Tofauti hiyo ina uzito wa kisiasa, kwani anayeyachanganya huishia kumwadhibu mkulima au mfugaji kwa kosa la msimamizi wa bwawa, na bwawa likaendelea kushuka.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alikuwa ameahidi mbele ya jumuiya ya kimataifa kwamba Ruaha Mkuu ungerudi kutiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Njia iliyochukuliwa mwaka 2006 ilikuwa ya kuwaondoa kwa nguvu wafugaji na mifugo yao Ihefu, wengi wakielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, iliyofikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2010 ulipita na mto uliendelea kukauka. Mifugo iliyoondolewa haikutoweka. Ilihamia katika maeneo yenye wakulima wasioizoea na yasiyo na njia za mifugo wala malambo, katika nchi ambayo tayari ilikuwa imeshuhudia, Desemba 2000, watu 38 wakiuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji wilayani Kilosa. Mwaka 2012 operesheni kama hiyo ilibidi kufanyika katika Bonde la Kilombero, ambako mifugo mingi ilikuwa imejaa. Na mgogoro wa mpaka kati ya hifadhi na vijiji vya Mbarali uliendelea kwa zaidi ya muongo mmoja, hata Aprili 2024 Benki ya Dunia ikasimamisha utoaji wa fedha za mradi wa utalii wa dola milioni 150 kufuatia malalamiko ya wanavijiji. Mfumo ikolojia ulioharibika unapotengenezwa kwa kuwafukuza watu pekee, hatari huhama pamoja nao.

Sababu mojawapo ya makosa haya kujirudia iko katika hesabu za taifa. Pato la taifa huhesabu mpunga unaovunwa na umeme unaouzwa, lakini halihesabu kazi ya udongo wa Kipengere kuyatunza maji ya Machi hadi Septemba, kwa hiyo kazi hiyo inapopungua hakuna mstari wa bajeti unaoonyesha hasara mpaka siku mitambo inapozimwa. Sheria, kwa upande wake, imetangulia mbele ya hesabu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji, yaani kiasi kinachopaswa kubaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe kabla vibali vya matumizi mengine havijatolewa. Akiba hiyo hulindwa kwa kazi ya kawaida isiyovutia kamera: kufunga mabanio baada ya mavuno, kusakafia mifereji, kupima mtiririko kila siku, na kuzipa jumuiya za watumia maji uwezo wa kuamua zamu na kutoza faini. Fedha za kazi hizo ni kidogo zikilinganishwa na gharama ya umeme wa dharura, na haieleweki kwa nini ziendelee kuombwa kwa wafadhili wakati shirika la umeme ndilo mnufaika wa kwanza.

Suala hili la umeme kutegemea maji ya bonde moja sasa limehamia kwenye kiwango kikubwa zaidi. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yake yote tisa ilikuwa imekamilika, hivyo kwamba sehemu kubwa ya umeme wa nchi inatoka mahali pamoja. Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Mto Kilombero huchangia takriban asilimia 62. Maana yake ni kwamba usalama wa nishati wa Tanzania sasa umelala juu ya misitu ya Udzungwa na ardhi oevu ya Kilombero, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, na ambako yanajitokeza yaleyale yaliyoonekana Usangu: mpunga unapanuka, ng'ombe wanaongezeka, na miteremko inafyekwa. Maji yakipungua hapo, hakuna bwawa jingine la ukubwa huo la kukimbilia. Na mmomonyoko ukiongezeka, tope litakalotua nyuma ya ukuta wa bwawa litapunguza nafasi ya kuhifadhi maji mwaka hadi mwaka, na kulitoa ni kazi ya gharama isiyowezekana kwa bwawa la ukubwa huo. Kilombero bado hutiririka mwaka mzima, na hali hiyo ndiyo inayoupa upimaji wa maji yake, uwekaji wa mipaka ya malisho pamoja na vijiji, na ugawaji wa vibali vya umwagiliaji nafasi ya kufanyika bila haraka, wakati mitambo bado inazunguka.